Shati la Kaki la Kwenda Uvinza

Tangu nirudi sijaranda ubao hata mmoja hadi mwisho. Kila nikishika randa, mtu anasimama mlangoni pa karakana yangu hapa Kanyenye, mjini Tabora, anaegemea mbao zangu za mninga ambazo hazikuwekwa pale kwa ajili ya kuegemewa, na kuniuliza: "Enhe, Mrisho, ilikuwaje huko?" Naanza kueleza. Nikifika katikati anaingia mwingine, na yule wa kwanza anamwambia akae, nitaanza upya. Sasa nimeandika. Anayetaka kujua asome, asiyejua kusoma atafute wa kumsomea, na mbao zangu aziache. Habari za tikiti na za kuomba ruhusa sitazitia humu, kwa sababu hazikunifurahisha wakati ule na sioni kwa nini zikufurahishe wewe.

KANYENYE

Mdogo wangu Hamisi ni fundi wa mitambo hapa stesheni. Mwaka jana alitumwa Uvinza kutengeneza pampu ya maji, akaitengeneza kwa siku mbili, akakaa kumi, akarudi amependa. Msichana anaitwa Zena. Baba yake, Mzee Kondo, ni mtu wa pwani aliyekuja bara na ujenzi wa reli enzi za Wajerumani, akabaki huko Uvinza kuchemsha chumvi. Zaidi ya hayo Hamisi hakujua kitu. "Mtu wa pwani" ni watu wengi sana, lakini aliyependa haulizi mengi.

Bwana harusi haendi kujisemea, kwa hiyo tulimtuma mjomba wetu Kasimu awe mshenga. Mjomba Kasimu anafundisha watoto Kurani. Ni mtu wa heshima, na hajacheka tangu Wajerumani waondoke. Kabla ya hapo nilikuwa mdogo, siwezi kumsemea. Alikaa Uvinza siku nzima, akarudi na uso wa msiba.

"Amekataa?" tukamuuliza.

"Hakukataa. Hakukubali. Alizungumzia nguo zangu."

"Alisemaje?"

Mjomba akakohoa. "Alisema kanzu yangu ni pazia lililotoroka dirishani. Aliniuliza nimeiazima kwa marehemu gani. Alisema akiwapa binti watu wa Tabora, watamvisha gunia la karanga na kumwambia ni sikukuu."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nilisema, 'Ndiyo, baba.' Yule ni mkwe. Mkwe utamjibu nini?"

Wote tulitikisa vichwa. Kweli, mkwe utamjibu nini? Mjomba akamalizia kwa kusema kwamba, alipokuwa akisindikizwa, mzee alimwambia hivi: "Nendeni mkalete mtu. Msipomleta kabla mahindi hayajavunwa, karani wa ghala la chumvi ameshaniuliza habari za Zena mara mbili."

Wazee wa ukoo walitoka kijijini kwetu Lusu kuja kulijadili jambo hili. Walikaa nyumbani kwangu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, wakala kuku wawili, wakatoa hukumu kwamba tatizo ni nguo. Kanzu imeshashindwa, na koti la Kizungu lingemfanya mzee adhani tunajikweza. Anayetoka Tabora kwenda Uvinza ni msafiri, kwa hiyo avae shati la safari: la kaki, la mikono mirefu, lenye mifuko ya vifuniko, lililoshonwa hata mwenye chuki asipate pa kushika. Na alivae njiani, afike nalo likiwa bado shati. Nikachaguliwa mimi, eti kwa kuwa ni seremala na kazi nzuri naitambua kwa kuigusa. Nadhani pia nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimetoka nje kuchukua maji wakati wa kuchagua.

Hamisi alikaa pembeni siku hiyo. Alikuwa amekonda, suruali yake ameifunga kwa kamba. Ni mdogo wangu wa mwisho, mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipofariki, na kumwona vile kuliniuma kuliko nilivyotaka watu wajue.

Basi nikaenda madukani. Nimeona watu wakinunua kitambaa kwa kukitazama tu. Ubao hautazamwi tu, hugongwa ukasikilizwa. Mwenye duka, Mhindi mpole wa karibu na soko, alinitandazia kaki za aina tatu. Ya kwanza niliinua kwenye jua nikamwona mke wake upande wa pili. Ya pili ilikuwa ngumu na yenye kung'aa, nikaisugua kwa kidole gumba, ule ugumu ukadondoka mezani kama unga. Ilikuwa wanga mtupu. Ya tatu ilikuwa nzito, rangi ya majani makavu. Niliivuta kwa mshazari, nikaifinya ngumini nikahesabu hadi ishirini, nikaiachia, nikailowesha ncha kwa mate, nikajaribu kuipasua kwa meno.

"Bwana," akasema mwenye duka, "unanunua kitambaa au unakitesa?"

"Vyote viwili."

"Basi hicho chukua. Kimenyamaza."

Nilikipeleka nyumbani nikakilaza ndani ya maji hadi kesho yake, nikakianika, nikakiloweka tena. Kaki mpya ikilowa hujivuta na kupungua, kama ubao mbichi: ukitengeneza nao mlango utakaukia mlangoni, na mlango hautafunga tena.

Kisha nikaenda kwa fundi Idi, anayeweka cherehani yake kwenye baraza ya duka hilohilo. Alichukua utepe wa kupimia.

"Simama wima, shusha mikono."

"Sitakwenda Uvinza nimesimama wima nimeshusha mikono," nikasema. "Nipime nikiwa nimeinua. Kisha nikiwa nimechuchumaa. Kisha nikiwa nimevuta pumzi."

Fundi Idi ameshona mashati ya makarani wote wa mji huu, na makarani hupenda shati liwabane kifuani ili vifungo vionekane vinafanya kazi. Alinipima kwa kinyongo. Siku ya kujaribu, likiwa limeshikizwa kwa bandi tu, niliinua mikono, pindo likapanda hadi kitovuni. Akaliongeza urefu. Mara ya pili nilikumbatia nguzo ya baraza, mgongo ukalia. Akaongeza mikunjo miwili nyuma ya mabega ili nguo ifunguke mtu anapojinyoosha. Mara ya tatu sikumwambia kitu. Nililichukua hadi karakana nikaranda nalo ubao wa mninga, na kabla sijamaliza upande mmoja mshono wa kwapa ukaachia.

Nilipomrudishia alilitazama shati kama mzazi aliyeletewa mtoto aliyepigwa. "Mrisho, hili si shati la kurandia mbao!"

"Likiivumilia randa, litamvumilia Mzee Kondo."

Akashona upya. Kwapani aliweka kipande cha ziada kwa ndani, maana kiungo huvunjika pale kinapobeba. Mabegani aliweka kitambaa mara mbili, kwa ajili ya mzigo. Kila mshono aliupitia mara mbili. Vifungo vya pembe alivishona kwa uzi aliouvuta kwenye nta ya nyuki, na nta tunayo. Kola ilipitisha vidole viwili shingoni, si kimoja, si vitatu. Mshono wa bega ulikoma pale pale mfupa unapokoma. Nilipolivaa, fundi Idi alinizunguka mara tatu. "Limekaa," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Sijui kama mtu anaruhusiwa kulipenda shati. Mimi nililipenda.

TABORA MPAKA NGURUKA

Mke wangu Kalunde alinifungia kuku wa kukaanga, karanga, na michembe ya viazi vitamu ya kutosha kijiji. Ndani ya garimoshi nilisimama hadi Usoke ili shati lisijikunje. Hilo lilikuwa kosa. Mtu aliyevaa kaki mpya yenye mifuko, amesimama katikati ya behewa na hakai ingawa nafasi ipo, huyo ni mkubwa wa kitu fulani. Mzee mmoja alinipa tikiti yake niitazame. Niliitazama, nikamrudishia, akashukuru. Mama mmoja akanishtakia kwamba jirani yake amekalia kikapu chake cha mayai. Nilisema mimi ni seremala. Akasema sawa, lakini mayai je? Tulipofika Urambo nilikuwa nimeamua kesi mbili, na mshtakiwa mmoja alinipa nusu ya muhogo wake ili yaishe.

Nguruka tukasimama. Tuliambiwa ni kwa muda mfupi. Baadaye tukaambiwa kwamba mvua za mwisho zimechukua tuta la reli huko mbele, na kwamba litatengenezwa kesho. Siku ya pili likatengenezwa kesho pia. Watu walikuja kuniuliza mimi. Niliwajibu kwamba sijui, wakaenda wakiambiana kwamba anajua ila amekatazwa kusema.

Kando ya stesheni palikuwa na shamba la mahindi, na majani yake yalikuwa yameanza kukauka. Nililitazama shamba lile siku mbili. Siku ya tatu nikafunga mzigo, nikashika njia kwa miguu.

NGURUKA MPAKA MTONI

Njia yenyewe ni ile ya zamani ya misafara, ambayo babu zetu waliipita na pembe mabegani kabla reli haijafikiriwa. Siku hizi ni ujia mwembamba katikati ya miombo, unapotea kwenye nyasi na kujitokeza tena mbele.

Tuliotoka stesheni tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Bi Nyanzala, mama mtu mzima anayekwenda kumwona mjukuu wake mpya Uvinza, na aliyenipa furushi lake nilibebe kabla sijamaliza kumwamkia. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu, shika hapa chini, limelegea," akasema.

Alikuwa amevaa kaniki nyeusi tititi. Mbung'o wa msitu ule hupenda nguo nyeusi kama inzi wapendavyo nyama, na kaki hawaijali. Tukawa tunatembea hatua tatu tukiwa tumeachana, mimi salama, yeye akijipiga makofi mgongoni na kuninung'unikia kwamba nimewaleta. Saa ya kupumzika nilimpa shuka langu jeupe ajifunike. Alilipokea, akasema nilichelewa.

Kwenye kizuizi cha mbung'o, mlinzi alitutoa wadudu kwa kijiwavu, mgongo hadi kisigino. Kwa Bi Nyanzala alipata kumi na mmoja. Kwangu hakupata kitu. Alinizunguka tena kwa kutoamini, akaingiza kidole ndani ya vifuniko vya mifuko yangu. "Shati zuri," akasema kwa masikitiko, akatuachia.

Mvua ilitunyeshea mara mbili. Miiba ilinishika mkono wa kulia, ikakosa pa kuingilia, ikaachia. Furushi la Bi Nyanzala, ambalo sasa naamini lilikuwa na mawe ya kusagia, lilikaa begani siku nzima na mshono haukulia. Nilitamani fundi Idi angekuwepo.

Tulipofika Malagarasi tulikuta kambi ya watu wanaotengeneza reli, na nyapara wao, mtu mnene mchangamfu anayeitwa Mwinshehe, amekaa juu ya pipa. Alinitazama.

"Wewe Mnyamwezi?"

"Wa Tabora."

"Mtumwa wangu!" akapiga kelele kwa furaha, akanyakua kifurushi changu cha chakula, akakifungua, akaanza kula karanga zangu. "Na shati hili umemwibia nani? Nyani wa Urambo?"

Lafudhi ilikuwa ya Uzaramo; moyo wangu ukafunguka. "Mzaramo!" nikasema. "Ndiyo maana reli imekatika. Wamewaleta ninyi muitengeneze, ninyi mmeilalia. Acha karanga hizo, zimelimwa na watu wanaofanya kazi, zitakuvimbisha tumbo."

Akacheka, akala zaidi. Nasema haya kwa ajili ya vijana, maana wengine hawajui tena. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana nawe humkasirikii, huchukua kitu chako nawe humshtaki, na wewe hivyo hivyo kwake. Mtani wako akifiwa, wewe ndiwe unayekwenda kuchekesha waliolia mpaka wakaishiwa nguvu. Asiyejibu utani amemwambia mwenzake kwamba si mtu kwake.

"Unakwenda wapi na shati la mkuu wa wilaya?" akaniuliza.

"Uvinza. Kwa Mzee Kondo anayechemsha chumvi. Naenda kumposea mdogo wangu."

Mwinshehe akaacha kutafuna. "Kondo? Kondo wa kwetu Kisarawe?"

"Ni mtu wa pwani."

"Ni Mzaramo mwenzangu, mjinga wewe! Mnakwenda kuposa kwa mtani?" Alicheka mpaka akateremka kwenye pipa akakaa chini. Mimi nami nilikaa chini, lakini sikucheka.

Maneno yote ya mjomba Kasimu yalinirudia, moja baada ya jingine. Pazia lililotoroka. Marehemu. Gunia la karanga. Yule mzee alikuwa ametania kuanzia asubuhi hadi jioni, na mjomba wangu, mtu mwenye heshima zake, alikuwa amemjibu "ndiyo, baba" kuanzia asubuhi hadi jioni. Kisha wazee kumi na mmoja wa ukoo wakatoka Lusu, wakala kuku wangu, wakaujadili utani ule kama hukumu ya baraza. Nikalitazama shati langu: mikunjo ya mgongo, uzi wa nta, mabega ya kitambaa mara mbili.

"Akishakuwa mkwe," nikamuuliza Mwinshehe, "utani unabaki au unakufa?"

Akafikiri kwa dhati, akiwa bado na karanga zangu mkononi. "Kuna wanaouacha. Mkwe ni mkwe. Kuna wanaoendelea nao. Kondo sijui yuko upande gani."

"Nikimjibu naye yuko upande wa heshima?"

"Umemtukana baba mkwe. Binti huna."

"Nikinyamaza naye yuko upande wa utani?"

"Si ndivyo alivyofanya mjomba wako?" Akanirudishia kifurushi. Kulikuwa na mchembe mmoja.

MTONI MPAKA UVINZA

Tulivuka kwa mtumbwi. Bi Nyanzala alikaa juu ya furushi lake, nami nilikaa ndani ya maji yaliyoingia. Upande wa pili matope yalitufika magotini, na njia ikapanda vilima.

Nilitembea nikiwaza. Nikisema, huenda nikaharibu. Nisiposema, huenda nikaharibu. Asubuhi niliamua kunyamaza. Kufika saa sita niliamua kujibu, lakini nikagundua kwamba sikuwa na tusi lolote zuri, na mtu haendi kwa mtani mikono mitupu. Nikaanza kujizoeza chini chini. "Kizee wewe, kichwa kama nazi iliyokosa mnunuzi." Hapana. "Mvivu wewe, uliyezaliwa umekaa."

Nyuma yangu nyayo zikakoma. Nikageuka. Bi Nyanzala alikuwa amesimama, shuka langu limemteremka mabegani.

"Mwanangu," akasema, "kama furushi langu limekuchosha, sema tu."

Nilitumia muda mwingi kumweleza. Alisikiliza, akasema amefahamu, na kuanzia hapo akatembea mbali kidogo. Tulipofika kwa mwanawe alinishukuru mno, kama umshukuruvyo mtu unayemwogopa. Shuka hakurudisha.

UVINZA

Mzee Kondo nilimkuta barazani kwake akisuka kikapu cha chumvi. Ni mtu mdogo, mkavu, kanzu yake imezeeka kuliko yeye. Moshi wa majiko ya chumvi ulikuwa umeutanda mtaa wote. Zena alitoka kuniamkia, akapiga goti, akaingia ndani haraka, lakini mlango hakuufunga wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni nani aliyekufunga kwenye turubai hili? Umekufa njiani wakakuleta?"

Pale pale ujasiri wote wa njiani ulinitoka. Alikuwa mkwe. Alikuwa na mvi. Nilimwona Hamisi na suruali yake ya kamba, na ulimi wangu ukajisemea wenyewe: "Ndiyo, baba."

Niliona uso wake ukishuka. Kidogo tu, lakini niliuona.

Tuliletewa ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga. Mzee aliniambia nisile sana, kwa sababu Mnyamwezi akishiba huanza kutafuta mzigo wa kubeba. Nikasema ndiyo, baba. Akaniuliza kama mdogo wangu anafanana na mimi, na kama ni hivyo, je, anatoka nje mchana? Nikasema mchana hutoka, baba. Alikuwa akipoa kama chai. Matani yake yalikuwa yakija polepole, yenye nafasi kubwa katikati, na katika nafasi hizo alikuwa akiangalia barabarani. Nilijua kabisa ninachokifanya na sikuweza kuacha. Mjomba Kasimu nilimwelewa siku ile.

Mwishowe, kama mtu anayekamilisha kazi asiyoitaka tena, alinyoosha mkono akanishika kwapani, akageuza kitambaa, akatazama ndani.

"Na mshono huu," akasema. "Fundi wako alikuwa analia au alikuwa analala?"

Hapo sikukusudia. Nataka mjue hivyo, kwa sababu wengine mnasema mimi ni mjanja.

"Mshono huo?" nikasema, nikasimama. "Mshono huo umepitiwa mara mbili! Nimeranda mninga nao, nimenyeshewa nao, nimebeba mawe ya bibi wa watu siku nzima nao, na haukuachia hata uzi! Wewe kizee cha Kizaramo, wewe unajua nini habari ya nguo? Kanzu yako ina matundu mengi kuliko chandarua, sijui unaingizia kichwa lipi! Nguo za marekani zilishuka kwenu pwani, majora kwa majora, mkazitazama tu kwa uvivu, mpaka sisi tukatembea miezi mitatu kuja kuzibeba! Mngekuwa na akili mngejishonea kabla hatujafika!"

Ndani ya nyumba kitu kilianguka kikavunjika.

Nilisimama pale na shati langu. Nilikuwa nimemtukana baba mkwe, barazani kwake, chakula chake kikiwa mdomoni mwangu. Nilifikiri jinsi nitakavyomwambia Hamisi, na nikaona siwezi kumwambia.

Mzee Kondo alikiweka kikapu chini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, halafu akafuta macho kwa kanzu ile ile, akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

"Kaa," akasema. "Kaa, mtumwa wangu. Mmechelewa sana."

Nikakaa.

"Mama yake Zena alifariki mvua za mwaka juzi," akasema. "Watu walikuja wengi. Watu wema, wa hapa, lakini si watani. Walikaa, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeingia kaburini akalala na kusema hatoki mpaka apewe kuku. Hakuna aliyevaa nguo zake akamwigiza anavyotembea. Nilirudi hapa barazani nikangoja, labda atatokea hata mmoja. Miaka arobaini nimekaa na mke wangu, nikamzika kama mtu anayefukia shimo. Kisha akaja mjomba wako. Nikasema, Mnyamwezi, afadhali. Nikamtukana siku nzima mpaka koo likanikauka. Ananiambia ndiyo, baba."

Nilikiokota kikapu chake nikamwekea karibu.

Baada ya muda akaunyoosha mkono. "Vua."

"Nini?"

"Shati. Nani amekuruhusu uvae vizuri mbele ya bwana wako? Vua."

Ilikuwa haki yake. Nilifungua vifungo vya pembe, kimoja kimoja, nikampa. Alinitupia kanzu yake ya matundu, nikatafuta la kichwa. Shati lilimfika karibu na magoti, na mabega yake yalikomea katikati ya mabega aliyoyashona fundi Idi. Alijitazama, akaingiza mikono mifukoni. Wiki sita za kazi, na halikumkaa hata mahali pamoja.

"Limenikaa," akasema.

"Unafanana na kuku aliyeingia kwenye hema."

Akafurahi. Lakini habari ya Zena hakuisema, nami sikuthubutu kuigusa. Nilikaa siku mbili, tukatukanana asubuhi na jioni, na karani wa ghala alipita mara moja, akatusikia, akaenda zake. Siku ya kuondoka mzee alinisindikiza hadi mwisho wa majiko ya chumvi, shati langu likimpigapiga magotini. Pale akasimama.

"Zena ndiye niliyebaki naye," akasema, na safari hii hakutania. "Akienda Tabora, hapa nabaki peke yangu. Nikifa, utakuja?"

"Nitakuja."

"Reli ikikatika?"

"Nimekujaje sasa hivi? Nitakuja kwa miguu. Nitaingia kaburini kabla yako, nilale humo, na nitawaambia watu wote kwamba sitoki mpaka uvuliwe shati langu nirudishiwe."

Aliligusa lile shati kifuani, akatafuta kifungo cha juu kwa vidole vyake vyenye nyufa za chumvi, akakifunga.

"Basi mchukueni," akasema.